Nairobi hadi Sokoke: siku saba kumfuata mkamata-nzi wa michirizi

Safari ilianza tarehe 27 Novemba na kuisha 3 Desemba 2024. Maelezo haya yameunganishwa baada ya kurudi, kutoka daftari mbili zilizolowa pembeni na picha mia nne na ushei. Shabaha ilikuwa ndege mmoja tu, Muscicapa striata: kijindege cha sentimita 14 na gramu 15 hivi, kinachozaliana Ulaya na Asia hadi Siberia, kisha kinateremka Afrika baridi inapobisha hodi huko. Hapa Kenya huanza kuonekana mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Wengi hupitiliza kwenda kusini, na hupita tena Machi na Aprili wakirudi kwao.

Kiingereza humwita wa madoadoa, na jina hilo limepoteza watu wengi njia. Kilatini ndicho kilichosema kweli: striata, mwenye michirizi. Hapa ataitwa mkamata-nzi wa michirizi.

Si ndege adimu. Ugumu wake ni kwamba hana rangi ya kushika jicho, juu kahawia-kijivu, chini weupe uliofifia, na amezungukwa na binamu wenyeji waliovaa nguo hiyo hiyo. Ndiyo maana njia ilipangwa kwa kuteremka: nyanda za juu, nyika, kisha msitu wa pwani. Kila ngazi ina binamu wake wa kukuchanganya, na ukijua umesimama wapi, nusu ya majina umeshayafuta.

Siku ya 1, Jumatano 27 Novemba. Nairobi, Arboretum

Asubuhi ya mawingu, nyasi zimelowa. Kutoka katikati ya jiji hadi bustani hii ni mwendo wa dakika 40 kwa miguu, au boda kwa shilingi 150 ukipatana vizuri.

Kwenye miti ya Arboretum mgeni wetu ana mshindani mmoja mkubwa, na mshindani huyo ni mdogo: Muscicapa adusta, mkamata-nzi mdogo wa nyanda za juu. Huyu ni mkazi, yupo mwaka mzima, na kila bustani yenye miti mikubwa Nairobi inaye. Wa kwanza alionekana dakika 10 baada ya kuingia, ametua tawi la katikati, kivulini, mita 4 kutoka ardhini.

Tofauti ya kwanza ni umbo. Adusta ni kibonge: kichwa mviringo, shingo hakuna, mkia mfupi, na ukimweka karibu na shomoro utaona ni mdogo waziwazi. Wa michirizi anakaribia urefu wa shomoro ila ni mwembamba, na hukaa wima kama askari wa zamu. Tofauti ya pili ni kifua. Cha adusta kimepakwa kijivu kama moshi uliofutwa kwa kidole, hakuna mistari inayohesabika. Cha wa michirizi kina mistari myembamba ya kahawia inayoanzia pembeni mwa koo na kushuka hadi katikati ya kifua, kila mmoja una mwanzo na mwisho. Tofauti ya tatu ni mahali: adusta hupenda kivuli, mwenzake hupenda ncha ya tawi kavu lililojitokeza, penye nafasi ya kurukia pande zote.

Wa michirizi alipatikana saa tatu na robo, upande wa uwazi, juu ya mti uliokauka kileleni. Ndani ya dakika 10 aliruka mara 14 na kurudi tawi lile lile mara 9. Alipokosa mdudu alizunguka hewani akajaribu tena kabla ya kutua. Ukiwa karibu utasikia mdomo ukifunga: tak. Ukiona ndege wa umbo hili anateremka mara kwa mara kuokota wadudu chini ardhini, punguza imani.

Binamu mwingine wa hapa, Melaenornis fischeri, hana shida: mkubwa, kijivu cha slati, na pete nyeupe nene kuzunguka jicho. Lakini makinda wake wana madoa meupe mgongoni, na hapo ndipo jina la Kiingereza linapowaponza wageni. Wakamata-nzi wengi wakiwa makinda wana madoa. Kinda wa michirizi naye anayo, ila huyabadilisha hukohuko alikozaliwa kabla ya kusafiri. Kwa hiyo mkamata-nzi mwenye madoa mgongoni ukimwona Kenya, huyo ni mtoto wa mwenyeji.

*Kwa watakaofuata:* Kila Jumatano asubuhi Nature Kenya huongoza matembezi ya ndege yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Kwa mtu anayeanza, muda wa saa tatu nao ni bora kuliko mwezi mzima na kitabu. Darubini ya 8×42, inayokuza mara 8, inatosha. Ya 10 hutikisika mkononi na eneo lake ni dogo kwa ndege anayerukaruka hivi.

Siku ya 2, Alhamisi 28 Novemba. Treni hadi Mtito Andei, kisha Ngulia

Treni inayosimama vituo vya njiani huondoka Syokimau saa mbili kamili asubuhi. Fika saa moja kabla, kwa sababu mizigo hupangwa chini na kunuswa na mbwa kabla ya kupita kwenye mashine. Nauli ya daraja la kawaida Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500. Ukishukia njiani unalipa pungufu. Tiketi hukatwa kwa simu kupitia *639#, na kitambulisho unachoonyesha mlangoni kiwe kile ulichokatia. Beba chapati na mayai ya kuchemsha.

Kutoka dirishani hakuna cha kuandika, mwendo ni mkali kupita macho.

Mtito Andei joto lilitupokea mlangoni. Chakula cha mchana ni ugali, maharagwe na sukuma, shilingi 200, kwenye hoteli ya mabati kando ya barabara kuu. Gari la kuingia Tsavo Magharibi lilichelewa saa moja na nusu, na mzee mmoja mziba pancha, alipoona watu wamesimama juani na mabegi, alisogeza benchi lake chini ya mgunga. "Kaeni, wanangu, jua hili si la kusimama." Kisha akauliza darubini ni za nini. Alipoelezwa, alinyoosha bisibisi kuelekea waya wa stima: "Kale kadege? Kako hapo tangu juzi. Kanakula nzi wa takataka zangu."

Ni kweli alikuwa yeye. Picha kumi za kwanza hazifai, na sababu yake inafaa kuelezwa. Ndege juu ya waya na anga jeupe nyuma yake hugeuka kivuli. Kamera hupima mwanga wa anga na kifua chote huwa cheusi. Ukiongeza mwanga hatua moja na theluthi mbili, kifua kinarudi. Ukizidisha, michirizi inayeyuka na unabaki na ndege mweupe asiye na alama, na hapo wengi humwandika jina la mwingine. Kwa macho tu hali ni hiyo hiyo. Zunguka mpaka jua liwe mgongoni kwako, ndipo useme lolote kuhusu kifua.

Gari la magurudumu manne na dereva lilikuwa shilingi 12,000 kwa siku mbili, tukagawana watu wanne. Lango halipokei pesa taslimu. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, na mtandao pale unasuasua. Lipia ukiwa bado mjini. Viwango vya hifadhi hubadilika, kwa hiyo viangalie wiki ile ile ya safari.

Njia hadi Ngulia ni vumbi jekundu, na baada ya mvua za vuli ni tope jekundu.

Siku ya 3, Ijumaa 29 Novemba. Ngulia, ukungu na nyavu

Hapa pana habari ya kipekee. Nyumba ya wageni ya Ngulia imekaa kwenye ukingo wa mteremko, takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari. Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi, mawingu hushuka na kufunika ukingo huo. Ndege wanaosafiri usiku kwa maelfu kutoka kaskazini hupoteza alama zao, na taa za nyumba zinazowaka ndani ya ukungu huwavuta. Tangu 1969 wataalamu hukusanyika hapa msimu huu, huwanasa kwa nyavu laini, huwapima, huwavisha pete na kuwaachia. Hakuna sehemu nyingine Afrika Mashariki iliyofundisha mambo mengi hivi kuhusu wahamaji hawa.

Mwezi mpya ulikuwa tarehe 1 Desemba, kwa hiyo giza lilikuwa la kutosha. Ukungu ulishuka saa nane usiku. Kufikia saa tisa hewa mbele ya taa ilikuwa imejaa mabawa. Walio wengi huwa Acrocephalus palustris na Luscinia luscinia, wala hawahusiani na safari hii. Wa michirizi huwa wachache. Alfajiri hiyo walipita mezani watatu, na waliokuwa wakipima walikuwa wakarimu wa kumgeuza kila mmoja mara mbili ili wageni waone. Mgeni hashiki ndege wala wavu. Uliza pa kusimama, zima taa ya kichwa ukiambiwa, na usiite watu kwa sauti.

Mkononi mambo haya huonekana ambayo kwenye tawi hayaonekani vizuri:

Utosi. Una michirizi myeusi-kahawia juu ya kijivu, kuanzia kwenye paji la uso kurudi nyuma. Akisimamisha manyoya, paji huonekana kama mwinuko mkali.

Mdomo. Mweusi, mpana sana chini ukiutazama kutoka juu, umebanwa kama koleo bapa, na pembeni yake nywele ngumu. Miguu nayo ni myeusi na mifupi, kwa sababu hana haja nayo; ni ndege wa kukaa na kuruka, hatembei.

Bawa. Hapa ndipo pa kuweka akili. Bawa lina karibu milimita 85 hadi 90, refu mno kwa mwili ule. Likikunjwa, manyoya makuu huchomoza nyuma ya manyoya ya ndani kwa urefu mkubwa, na ncha hufika karibu nusu ya mkia. Ndege anayevuka Sahara anahitaji bawa refu lililochongoka. Mkamata-nzi anayezaliwa, kuishi na kufia bonde lile lile hana sababu ya kulibeba. Wenyeji karibu wote wana ncha fupi, zinazoishia penye shina la mkia au kupita kidogo tu. Hii ndiyo alama ambayo mwanga mbaya hauifuti, kwa kuwa hata kivuli cheusi juu ya waya kina umbo la bawa.

Umri. Wawili kati ya watatu walikuwa wa mwaka huu. Ncha za manyoya yanayofunika bawa zilikuwa na rangi ya maziwa yenye chai, zikifanya mstari mmoja hafifu kukatiza bawa. Mkubwa hana mstari huo, na Novemba bawa lake limechakaa kwa sababu hubadilisha manyoya ya kurukia akiwa Afrika, baada ya kufika. Tena huyabadilisha kinyume cha ndege wengine wa kundi lake: huanza na unyoya wa nje kabisa akiingia ndani, wakati wenziwe huanza ndani wakitoka nje. Ukimpiga picha Januari bawa likiwa limefunguka, na manyoya mapya yako nje huku chakavu yako ndani, hiyo peke yake ni kitambulisho.

Saa tatu asubuhi ukungu ulikatika na nyavu zikafungwa. Chai na mkate, kisha usingizi.

*Kwa watakaofuata:* Panga siku tatu kabla hadi tatu baada ya mwezi mpya. Hata hivyo ukungu hauna mkataba na mtu. Usiku uliofuata anga lilikuwa safi na hakushuka ndege hata mmoja. Beba koti. Watu hudharau baridi ya Ngulia kwa kuwa ni Tsavo.

Siku ya 4, Jumamosi 30 Novemba. Nyikani, halafu barabara ya Mombasa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari lilisimama kando ya migunga midogo, na hapo ikafika mitego mikali kuliko yote. Binamu wa nyika ni Bradornis microrhynchus, wa kijivu, na huyu ANA michirizi utosini, myembamba. Vitabu vingi vinaanza na utosi. Nyikani ukianza na utosi utajaza daftari makosa.

Anza na kifua. Cha microrhynchus ni kijivu cheupe kisicho na mstari wowote. Kisha bawa: fupi. Kisha mwenendo: hukaa wawili wawili au familia nzima, tawi la chini, na hushuka kwenye vumbi kuokota mdudu halafu hupanda tawi jingine. Wa michirizi hukaa peke yake, na akikutana na mwenzake humfukuza. Vichaka vitatu vilikuwa na microrhynchus sita. Cha nne, kilichokuwa na mti mmoja mkavu uliozidi wenzake, kilikuwa na mgeni. Walikuwa mita 30 kati yao, na kwa darubini mtu angeweza kuhama kutoka kifua hadi kifua. Kama unataka kujifunza kwa asubuhi moja, tafuta mandhari ya namna hii.

Yupo na mwingine wa nchi kavu, Muscicapa gambagae, ambaye humsumbua hata mjuzi. Kichwa chake ni mviringo, utosi karibu mtupu, sehemu ya chini ya mdomo ina unjano kwenye shina, na bawa ni fupi. Asiandikwe bila picha ya pembeni inayoonyesha mdomo na bawa kwa pamoja.

Kutoka Mtito Andei matatu ya Mombasa ilikuwa shilingi 800. Karibu na Mackinnon Road lori lilikuwa limelala barabarani na foleni ikakaa saa mbili na dakika 20. Watu walishuka. Mlinzi wa msikiti ulio kando ya barabara, ule wenye kaburi la Seyyid Baghali ambapo madereva husimama kuomba njia salama, alileta ndoo ya maji na vikombe viwili, akawapa kwanza akina mama wenye watoto, kisha wengine wote, na alikataa pesa. Kwenye waya juu ya foleni kulikuwa na wa michirizi wawili, nguzo mbili mbali. Sauti yao ilisikika injini zilipozimwa: sii nyembamba yenye mkwaruzo, na mmoja alipomkaribia mwenzake, sii-tk-tk. Haivutii sikio. Ukishaizoea, lakini, itakuonyesha ndege kabla ya macho.

Mombasa saa mbili usiku. Viazi karai na ukwaju, kitanda.

Siku ya 5, Jumapili 1 Desemba. Mombasa hadi Gede

Siku ya njia tu. Matatu ya Malindi, shilingi 500. Mwambie makanga "Gede", asije akakupitisha. Mvua ilianza Kilifi na haikukoma. Pale steji ya Gede maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, na mama muuza mahamri alitupisha chini ya turubai lake mpaka tuktuk ikapatikana. Mahamri na mbaazi za nazi, shilingi 70. Tulirudi kwake kila asubuhi.

Siku ya 6, Jumatatu 2 Desemba. Msitu wa Arabuko-Sokoke

Msitu huu una zaidi ya kilomita za mraba 400, na si msitu mmoja. Kuna sehemu ya miti mchanganyiko, kuna mirihi, miti ya jenasi Brachystegia, kwenye mchanga mweupe, kuna vichaka vizito kwenye udongo mwekundu. Wa michirizi umtafute kwenye mirihi: miti imeachana, chini ni wazi, matawi makavu tele. Kwenye vichaka vizito usipoteze muda, hana pa kurukia.

Mwongozaji wa hapa ni lazima kwa akili, hata kama si kwa sheria. Njia za mchanga zinafanana, na tembo wamo. Tulikubaliana shilingi 2,000 kwa asubuhi nzima, na zilikuwa halali yake: alijua kila mti mkavu kwa jina la ndege anayeukalia.

Pwani ina binamu watatu. Agricola pallidus ndiye anayekosewa zaidi, wa kahawia iliyopauka, mkubwa kuliko wetu, hana mchirizi utosini wala kifuani, na hutua chini mara nyingi. Fraseria caerulescens ni kijivu chenye ubuluu, ana mstari mweusi kutoka mdomoni hadi jichoni na weupe juu yake. Huyu hukaa ndani ya majani na hutembea na makundi ya ndege mchanganyiko. Fraseria plumbea utamtambua kwa mkia: hauachi utulie, anaufungua na kuufunga, na pembeni ni mweupe. Wetu hana weupe wowote mkiani wala bawani. Ukiona baka jeupe bawani, hata dogo, uko kwenye jenasi nyingine, Ficedula, ambayo hupita nchini kwa uchache na zaidi upande wa magharibi. Piga picha nyingi kabla ya kupumua.

Kosa la siku lilitokea saa moja asubuhi, mvua ikiwa imekatika hivi punde. Ndege alitua wazi, mita 15, kifua kimejaa mistari. Aliandikwa wa michirizi na watu wote. Dakika 20 baadaye yule yule, amejikung'uta na kukauka, alikuwa pallidus mtupu. Manyoya yakilowa hushikana vifungu vifungu, na kati ya kifungu na kifungu kivuli huchora mistari ambayo haipo. Mistari ya maji haina mpangilio, hufika tumboni na ubavuni hovyo. Ya kweli huishia kifuani na tumbo hubaki jeupe. Lakini dawa bora ni kungoja akauke. Au tazama bawa. Bawa halilowi likawa refu.

Wa kweli walipatikana wanne, wote kwenye kingo: wawili pale njia ya magari inapokatiza mirihi, mmoja kando ya kidimbwi, mmoja juu ya mti uliopigwa na radi. Wote walikuwa kati ya mita 3 na 8 kutoka ardhini. Hakuna aliyejiunga na kundi lililopita chini yake.

*Kwa watakaofuata:* Ingia kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Saa nne joto linapopanda wadudu huruka juu ya vilele, na ndege huwafuata. Kuanzia hapo utakuwa unatazama matumbo tu. Picha zipigwe kwa kasi ya 1/1600 ukitaka mruko, 1/500 inatosha akiwa ametua.

Siku ya 7, Jumanne 3 Desemba. Magofu ya Gede, Mida, kurudi

Asubuhi kwenye magofu. Mibuyu na miti mingine ya Gede ilikuwa na caerulescens wengi na wa michirizi mmoja, juu ya ukuta wa matumbawe badala ya tawi. Akiwa na pa kurukia, jiwe na mti kwake ni sawa. Mida Creek jioni ilikuwa ya ndege wa matope, kwa hiyo imerukwa hapa.

Orodha zilitumwa kwenye Kenya Bird Map, inayogawa nchi katika vipande vya dakika 5 kwa 5 za ramani. Orodha kamili inahitaji angalau saa 2 za kutafuta kwa bidii ndani ya kipande kimoja, na ndege wa kawaida kama huyu wanahitajika kama walio adimu. Uingereza wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu miaka ya 1960, na yale yanayowapata wakiwa huku kwetu yatajulikana tu kama wa huku wanaandika tarehe na mahali.

Jumla ya safari: wa michirizi 13, pamoja na watatu wa nyavuni. Daftari ilikuwa na 15. Mmoja aliondolewa Sokoke, yule wa mvua. Wa pili aliondolewa nyumbani, kwenye picha ya siku ya nne. Imepigwa kutoka chini, kifua kiko kivulini, tawi limekatiza bawa, na utosi hauonekani. Mtu mmoja kundini bado anaapa ni yeye, kwa jinsi alivyokaa. Ndege ameandikwa "mkamata-nzi".